Vitambaa Viwili Vyekundu

Miaka minne nilichavusha mawaridi kwa mkono uani kwetu Ihanja, nikitafuta moja lisilougua ukungu. Majani niliyapeleka maabara yakapimwe vinasaba. Jibu likaja: kati ya miche thelathini, mmoja tu ndio wenye kinga. Kwa ujinga wangu nikaufunga vitambaa viwili vyekundu nisiusahau, nikaenda mjini kununua viriba vya kuoteshea miche.

Niliporudi, mama alikuwa anafagia majivu.

“Mwanangu, kuna mtu katufungia vitambaa vya kichawi hapa uani. Ule mche nimeung'oa, nimeuchoma. Mingine haikuguswa.”

Nilichutama nikachakura majivu kwa vidole, machozi yananitoka, nikitafuta walau kijiti kibichi. Mama aliponiona hivyo akapiga kelele, akaita majirani waje waniombee, maana uchawi umeshaniingia.