Ukurasa Wangu katika Daftari la Usingizi

Mume wangu ni mwanajeshi. Aliporudi kutoka mpakani hakuwa akilala, na akilala ilikuwa heri angekaa macho, maana alipiga kelele na kunikaba mkono hadi ukavimba. Wakubwa wake wakampeleka kwa sista mmoja wa kliniki ya kambi, anayetibu usingizi. Kila baada ya wiki mbili, siku ya Alhamisi, alipanda basi la asubuhi hapa Kibwezi, akarudi jioni amechangamka. Mimi nilinuna.

Nilinuna kwa sababu kwa saa moja alimwambia mwanamke yule mambo ambayo sikuwahi kuyasikia katika miaka tisa ya ndoa. Tena alimtii. Sista amesema hakuna chai baada ya saa kumi. Sista amesema asilale mchana, hata kama tumetoka kupura ndengu na mgongo umekatika. Sista amesema asipande kitandani kabla ya saa tano. Mimi nikimwambia afunge lango la mbuzi, hasikii. Sasa mtu nisiyemjua sura anampangia saa ya kupanda kitanda changu!

Matibabu hayo yalikuwa na daftari. Kila asubuhi yeye alijaza ukurasa wake: alilala saa ngapi, aliamka saa ngapi. Ukurasa wa pili ulikuwa wangu, kwa kuwa mwenyewe hakukumbuka kitu. Nilitakiwa kuandika kama alipiga kelele, kama aliinuka kukagua mlango. Sista aliomba niende naye tuzungumze. Nilisema nina kikao cha akina mama kanisani.

Kisha nikaanza kuandika uongo. Alilala vizuri. Alitulia. Nilitaka yule sista aone kazi imekwisha, amwachilie mume wangu. Naye alisoma ukurasa wangu ameshika kikombe cha uji, akaniuliza, "Kumbe nimelala?" Nikamwambia amelala fofofo. Aliniamini mimi kuliko uchovu wake mwenyewe.

Mwezi wa pili wa matibabu akaja na barua. Ameonekana yuko sawa, Jumatatu anarudi mpakani.

"Sista amesema nikuambie asante," alisema huku akipiga pasi magwanda. "Ati bila wewe hangejua nimepona."

Nilitoka nikasimama kando ya zizi. Niliporudi ndani nilimwambia yote, hata ule wivu. Hakunigombeza. Alichomoa pasi, akatafuta namba kwenye simu, akaipiga, akanikabidhi.

Sauti ilikuwa ya mama wa makamo mwenye mafua. Nilimweleza zile kelele, mlango unaokaguliwa mara tatu, shuka zinazolowa jasho, na kwamba niliandika uongo kwa kumwonea yeye wivu. Halafu akasema mume wangu haendi popote Jumatatu, atazungumza na mkubwa wake leo hii, na Alhamisi tufike wote wawili. Nilingoja anikaripie.

"Na wewe, mama," akauliza, "unalala?"

Tangu mume wangu arudi, hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo, si nyumbani, si kanisani. Nikamtazama pale alipokuwa akikunja magwanda yake, na wivu ukanipanda upya, safari hii juu yake. Kumbe yeye alikuwa akiulizwa kila baada ya wiki mbili.