Siku Niliyomtafsiria Mke Wangu

Mimi ni mtu wa mdomo, sitaki kudanganya. Shamba letu la mahindi kule kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale lilikuwa linalimwa na mke wangu. Jembe langu mimi lilishika kutu likiwa limeegemea ukuta. Lakini lugha nilikuwa nazo. Kibembe cha nyumbani Kongo, Kiswahili, Kifaransa cha shule, Kinyankore cha sokoni, na Kiingereza nilichojifunzia hapa Uganda kwa ubishi tu. Mtu akiitwa Base Camp, kwenye ofisi za kambi, kwa ajili ya karatasi zake, alipita kwanza kijijini kwetu Misiera kunichukua. Malipo yangu yalikuwa asante na mkungu mdogo wa ndizi.

Basi kliniki moja ya mjini Mbarara iliponiita kwenye majaribio ya ukalimani, kichwa kikavimba. Ijumaa moja ya kujaribiwa. Wakiniridhia, Jumatatu naanza kazi. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane, ya kwanza. Bila kumwuliza mtu, nikapanga chumba huko mjini, mtaa wa Ruharo, nikanunua beseni jipya la kuogeshea mtoto, nikatangaza kwamba tunahama.

Mama mkwe alikataa katakata. "Mukwe wangu, mimba ya kwanza inazaliwa kwa mama. Acha muke azale hapa, bamama ba kanisa bamukande na maji ya moto, bamupikie uji. Akipata nguvu utamuchukua." Mke wangu akawa upande wa mama yake. Nami nikafoka, tena mbele ya majirani. Nikasema hawa wanawake wawili wanataka nizeekee kwenye mahindi, nikasema kazi haingojei uzazi wa mtu. Aibu ninayoisikia leo nikikumbuka maneno yale, acha tu.

Ijumaa hiyo nikaenda naye Mbarara, aone chumba na apimwe hapo hapo kwenye kliniki. Njia nzima alishika tumbo kwa mikono miwili, hakufungua kinywa. Nikadhani amenuna, na mimi nikanuna vilevile.

Siku za nyuma niliwahi kupewa mafunzo mafupi ya ukalimani, na kitu kimoja walikirudia mpaka tukakichoka: usimtafsirie mtu wa nyumbani kwako. Nilikijua vizuri kabisa. Asubuhi ile niliwatafsiria wagonjwa wanne, mambo yakaenda. Kwenye benchi la nje alikuwa amekaa kijana wa Burundi, shati limenyooshwa vizuri, akingoja zamu yake ya kujaribiwa kwa kazi ileile moja. Kisha mlango ukafunguliwa, mgonjwa wa tano akaingia. Ni mke wangu.

Nesi alikuwa mama wa Kinyankore, Kiswahili chake kiliishia kwenye "jambo" na "kaa hapo". Nilipaswa kumwambia, huyu ni mke wangu, mwite yule wa kwenye benchi. Lakini kumwita yule si ndiyo kumkabidhi kazi? Nikamwonyesha kiti. Mke wangu akanitazama, akaona nimekaa kama simjui, naye akakaa.

Nesi akampima presha, akakunja uso, akapima tena. "Imepanda kidogo," akaniambia kwa Kiingereza. "Labda ni safari. Muulize kama kichwa kinauma, na kama macho yanaona vizuri. Akiwa na kimojawapo, leo hii namlaza hospitali."

Nikamuuliza. Mke wangu akavuta pumzi, akasema yote, polepole, kwa heshima, akimtazama nesi na si mimi. "Kichwa kinaniluma tangu juzi, hata nikilala hakipoi. Mu macho naona sawa vimoto vidogo vidogo vinaruka. Viatu haviingie tena mu miguu. Na niko naogopa. Umwambie kama niko naogopa mingi."

Sasa, hospitali za huku mgonjwa halazwi peke yake. Lazima awe na mtu wake wa kumfulia, kumpikia, kumshika mkono kwenda chooni. Mtu huyo angekuwa nani, kama si mimi? Na Jumatatu je? Tena nikajiambia, haya ni maneno ya mama yake, wamepanga wote wawili ili turudi Nakivale. Haki ya Mungu, nililiamini hilo kwa muda wa kutosha kufungua mdomo.

"Hapana," nikamwambia nesi, "amechoka tu na safari."

Nesi akaandika, akasema arudi Jumatatu apimwe tena. Mke wangu alipotoka, nesi akanisifu kwamba natafsiri vizuri, sipotezi muda. Nikafurahi. Ndiyo, nilifurahi, nikatoka pale nikitembea kwa maringo.

Jumapili asubuhi alikuwa anatundika pazia kwenye chumba kipya. Akasema, "Sione dirisha." Nikacheka, nikamwambia si hilo hapo mbele yako! Akaanguka, mwili mzima ukaanza kutetemeka, macho yamegeuka. Jirani yetu, mama Mwislamu mwenye duka la vitambaa, alisikia kelele zangu, akamwita mumewe alete gari. Hospitali walifanya yote wanayoweza kufanya binadamu. Mke wangu wakamrudisha. Mtoto alikuwa wa kike, mdogo sana, akapumua mpaka alasiri.

Daktari aliniuliza kama mama alikuwa amelalamika kichwa siku hizo. Nikasema hapana. Mara ya pili hiyo.

Mama mkwe akaja kutoka Nakivale na chupa ya uji, akamkanda binti yake kwa maji ya moto pale pale hospitali. Hakunilaumu hata neno moja. Heri angenitukana, ningepata pa kujibia.

Kazi walinipa, na niliichukua, nikaanza wiki iliyofuata. Siku hizi madaktari wananilalamikia kwamba narefusha. Mgonjwa akiguna, naeleza kwamba ameguna. Akisita, nasema amesita. Wananiambia nifupishe, nami nawajibu vibaya, wengine wanadhani nina kiburi. Nyumbani nikawa mpole wa kupindukia, wa kuosha vyombo na kuteka maji, mpaka mke wangu akaanza kunitania kwamba nimeokoka mara ya pili.

Jumamosi moja mchana tulikuwa tunachambua maharagwe uani pale Ruharo, na ile mizaha yake ikanichoma nikashindwa kuendelea. Nikamwambia. Siku ile kwa nesi sikusema ulichoniambia. Ulisema kichwa, ulisema macho, ulisema unaogopa. Mimi nilisema umechoka tu. Nilitaka kazi.

Hakuinua uso. "Nilisikia," akasema. "Mimi nilisema maneno mingi, wewe ukasema kidogo tu."

Ilikuwa kama kupigwa. Nikamwuliza, sasa mbona ulinyamaza? Mbona hukunishika shati, hukupiga kelele, hukumwonyesha nesi kichwa kwa mkono? Nilikuwa karibu kumkasirikia, mnaona mtu nilivyo.

Akatoa jiwe dogo kwenye maharagwe, akalitupa pembeni.

"Nilizani Kiingereza iko lugha fupi," akasema.