Wanja Kwenye Kiti cha Sindano

Naona haya kuusimulia mkasa huu, lakini kwa kuwa Makadara nzima imeshausimulia, tena kwa chumvi kushinda yangu, niacheni niseme mwenyewe. Miaka ya tisini hiyo, jicho langu la kushoto liliota mishipa ya damu juu ya kioo chake cha mbele, pale pasipotakiwa hata uzi mmoja, ikawa inatambaa kuelekea kwenye mboni kama mizizi ya mkunazi. Daktari akasema atanichoma sindano ya dawa pembeni mwa jicho ili mishipa inywee, "na jichoni usitie kitu, hata maji ya waridi."

Siku yenyewe ikaangukia Ijumaa, nami Ijumaa bila wanja sitoki (marehemu baba hakutoka, wala babu), basi nikajiambia, kidogo tu, kope za chini, nani ataona? Nikavaa kanzu nyeupe pe, huyoo hospitalini!

"Babangu, umetia wanja?" akaniuliza sista, mbele ya wagonjwa kama mia hivi (haya, kumi na watano).

Ningesema ndiyo, yakaisha. Lakini mimi, mhitimu wa kisomo cha ngumbaro, cheti kimetundikwa ukutani, nikiri kosa hadharani? "Ni rangi ya kuzaliwa, sista. Kwetu sote ndivyo tulivyo."

"Haya," akasema, akanidondoshea dawa ya ganzi.

Loo! Jicho likafunguka kama mfereji uliokatika shingo, machozi meusi yakashuka shavuni, yakapita ndevuni, yakatua kifuani pa kanzu, na bibi mmoja wa buibui akapiga ukelele, "Jamani, anavuja wino!" Benchi zima likaangua kicheko, na mzee aliyefungwa macho yote mawili akawa anamvuta jirani yake, "Kuna nini? Niambie nami!"

Daktari hakucheka. "Jicho chafu silichomi, nitakuingizia maradhi ndani. Rudi wiki ijayo. Ila mishipa, bwana, haikungojei."

Hilo ndilo lililoniuma. Wiki nzima nikilifumba la kulia nisome bango la duka lililonielekea, na kila siku herufi moja zaidi inaingia ukungu. Ijumaa ya pili nikarudi, uso nimeusugua kwa sabuni ya kufulia.

"Rangi ya kuzaliwa imepauka?" benchi likanipokea.

"Imepauka, mwenyewe nipo!" Nikaketi, nikachomwa, sikutikisika (vidole vya miguu havihesabiwi).

Mishipa ikanywea, na bango nalisoma lote. Kumdanganya sista sirudii, hata akiniuliza nimekula nini. Lakini wanja siachi ng'o: Idi natia la kulia peke yake, nateremka ufukoni Mama Ngina kifua mbele, na atakaye kucheka acheke, namwona vizuri.