Kiwiko Kilichonifikisha Dar es Salaam

Niliondoka Mpanda kwa sababu ya ufunguo. Asubuhi moja, mwaka wa tisini na kitu, vidole vyangu vya kulia viligoma kuzungusha ufunguo wa kibanda changu cha karanga na asali pale sokoni. Masanja, kaka wa mke wangu, akanifungulia, kisha akautia mfukoni mwake. "Usihangaike, shemeji," alisema. "Nitakuwa nafungua mimi." Wiki haikuisha, akaanza kuwaita wateja wangu wateja wake.

Daktari wa kwetu aliona nyama kati ya kidole gumba na cha shahada imebonyea. Alisema huenda mshipa wa fahamu umebanwa mahali, na huo hupona. Au ni ule ugonjwa unaopanda mkono mzima, na huo haurudi nyuma. Wa kutofautisha ni mashine ya Dar es Salaam, inayosikiliza msuli kwa sindano.

Stesheni ya Mpanda nilihesabu mizigo mara mbili: dumu la asali, kifurushi cha karanga, mfuko wa nguo. Masanja alinisindikiza kwa ukarimu uliozidi kiasi. Alinisihi nisiwe na haraka ya kurudi.

Njiani kwenda Kaliua nilifanya mazoezi ya kukunja ngumi, mpaka abiria aliyekaa mbele yangu akahamia behewa jingine. Tabora nilibishana bei ya mayai ya kuchemsha hadi treni ikaondoka, mayai yakabaki. Nilikuwa nimekaribia kushinda.

Dar es Salaam, hospitalini, nilimkuta daktari mwanamama mfupi, ameshika sindano nyembamba yenye waya mkiani. Akasoma jina langu, akanitazama begani.

"Mnyamwezi huyu, mbona hana mzigo?"

Kwa kejeli ile ya upagazi wa babu zetu nikajua nimeangukia mikononi mwa Mzaramo, mtani wangu wa asili, tena ana sindano. Nikamjibu kwamba nami nashangaa kumkuta Mzaramo mahali pasipopigwa ngoma. Halafu nikauliza atachoma mara ngapi. Akasema sita. Nikasema mbili. Akasema kwa Mnyamwezi ni nane. Tukapatana kwenye sita ile ile, nami nikajisikia nimepunguziwa mbili.

Nilitaka kujua dawa iko wapi. Akasema haina dawa. Ncha ile hukaa katikati ya nyuzi za msuli na kunasa umeme mdogo ambao kila uzi hutoa ukifanya kazi. Mashine huukuza, ikauchora kwenye kioo na kuutoa kwenye spika. Yaani nimevuka nchi nzima kuja kuchomwa sindano tupu.

Alianzia begani. Spika ikakoroma sindano ilipoingia, kisha kimya. Akaniambia nilegeze mkono. Kimya kabisa. Akasema safi, nikajua ni utani. Bega limekufa, na kibanda kimekwenda nalo. Nikaomba mwenyewe achome tena pembeni kidogo, nje ya hesabu, labda pale pana uhai. Kimya. Mkono wa chini, kimya vilevile. Machozi yakanilenga. Nikamwambia mtani hafichi msiba, aseme tu.

Akachoma kati ya gumba na shahada. Tik, tik, tik, kama mvua inayoanza juu ya bati.

"Huyo yuko hai," nikamwambia, nikicheka peke yangu.

Daktari akanitazama kwa huruma. "Mtani, umeshika jembe upande wa makali. Msuli wenye afya ukipumzika hunyamaza. Hizi zinazolia ni nyuzi zilizopotelewa na mshipa wao. Kila uzi unajipigia umeme wake, kama watoto ambao mama hajarudi sokoni."

Kicheko kikanikauka. Akaniambia nisukume kidole chake. Nikasukuma, na ndani ya mvua ile yakasikika mapigo mazito machache, tuk, tuk.

"Hao ndio kina mama waliobaki," alisema. "Mshipa haujakatika. Umebanwa tu. Ule ugonjwa unaopanda ungeliza na bega."

Akanigonga upande wa ndani wa kiwiko, shoti ikashuka hadi kidole kidogo. Akauliza nakaaje kazini. Nikamwonyesha: kiwiko mezani, shavu kiganjani, ndivyo ninavyobishana bei kutwa nzima tangu nifungue kibanda. Alicheka hadi akashikilia mashine.

"Nyie Wanyamwezi," alisema. "Umejipooza kwa ubahili."

Nilimwachia dumu la asali. Alisema ni dogo.

Kurudi Mpanda, nilimkuta Masanja amekipaka kibanda rangi. Ufunguo alikataa kuutoa mpaka niuzungushe mwenyewe mbele ya dada yake. Kama daktari alivyoniagiza, nililala mkono umefungwa kitambaa usikunjike, nikaacha kuegemea meza. Karanga mpya zilipoingia sokoni, nikazungusha, kufuli likasema kwach. Masanja akawahi kuuchomoa ufunguo, na mke wangu akamnyooshea kaka yake kiganja. Ufunguo ukarudi kwangu.

Safari ile ilinifundisha kutouogopa sana ukimya. Jambo jingine nilijifunza kwa wateja. Kumbe soko zima lilijua kwamba kiwiko changu kikiwa mezani, bei bado inashuka. Sasa nasimama wima, mikono kifuani, nao hulipa upesi wakidhani nimefika mwisho.

Masanja amefungua kibanda chake jirani yangu. Hubishana kutwa, kiwiko mezani, shavu kiganjani. Nimemwonya mara mbili. Anadhani nambania biashara.