Minyoo Haibishi Hodi

Nyuma ya chuo lilijengwa banda la vioo. Watu sita wangefungiwa humo mwaka mzima, wale walicholima wenyewe, kana kwamba wameshahamia sayari nyingine. Uliletwa mchanga mwekundu, mkavu, usio na uhai wowote. Kazi ya kuufufua alipewa mwanamke wa makamo ambaye hakukaa darasani hata siku moja. Vijana wa chuo walimwita Mama Udongo, wakicheka.

Udongo aliujua kwa machungu. Miaka kumi na minane alilisha samadi na majani shamba la mawe la mumewe mpaka likakubali maharage. Mume alipofariki, shemeji zake walisema shamba lile halina mtu, wakalichukua. Halina mtu, naye amesimama katikati yake na jembe mkononi! Tangu hapo akawa analala sebuleni kwa mdogo wake.

Bandani alifika na mboji yake, mbolea ya majani yaliyooza, ndoo kwa ndoo, imejaa minyoo. Mtaalamu kijana akaziba pua.

"Mama, sisi tunaenda mbinguni, siyo jalalani!"

Wakamwachisha kazi. Mboji wakabaki nayo, wakaioka kwenye tanuri ili iwe safi.

Mwezi wa tatu maharage yakageuka manjano, na wale sita wakaanza kukonda. Mkurugenzi wa mradi mwenyewe akaja mpaka sebuleni, akakaa kwenye ukingo wa godoro.

"Mama, tumekosea wapi?"

"Mmeioka. Wadudu wa mle ndio wapishi wa mmea. Mmeua wapishi, halafu mnasubiri chakula."

Mdogo wake aliangua kicheko mlangoni. Mkurugenzi hakucheka. Alimtaka arudi, kazi ya kudumu, chumba chake hapo chuoni. Na chombo cha angani kitakachotangulia kwenye sayari wanayokusudia kuhamia kibebe mboji yake.

"Huko kuna nani?" aliuliza Mama Udongo.

"Hakuna mtu, mama."

"Sijauliza mtu. Kuna mdudu? Kuna kuvu?"

"Hilo bado hatujalijua."



"Hao sita nitawalisha, wana njaa. Ila minyoo yangu haipandi chombo mpaka mjue. Minyoo haibishi hodi. Ikimkuta mwenyeji, itamtoa kwake."

"Basi kazi ni ya miezi mitatu tu, mama. Chumba hakuna."

"Dada, jamani!" mdogo wake alipiga makofi. "Huyo mdudu usiyemjua ndiye atakupa pa kulala?"

"Nitalala hapa hapa. Jibane."

Alifunguliwa mlango, akarudi bandani. Alichanganya, akamwagilia, akafunika kwa majani makavu, na mwezi wake wa pili maharage yakatoa maua. Kila jioni akitoka, wale sita walimpungia mkono kupitia kioo. Siku ya mwisho ya miezi yake mitatu alimkuta yule mtaalamu kijana ameinama kwenye tuta, anajaza mboji kwenye chupa ndogo.

"Hiyo inaenda wapi, mwanangu?"

Kijana alielekeza kidole juu angani. Mama Udongo alinyoosha mkono, akakaa hivyo mpaka chupa ikawekwa kiganjani. Akaimimina tutani.

"Watapata kwingine, mama," kijana alisema taratibu.

"Watapata. Siyo kwangu."

Alinawa, akatoka. Langoni alimuuliza mlinzi kama anamjua mtu yeyote anayetafuta mlimaji.