Ufunguo Ulilala kwa Mama

Mjukuu wangu amepata kazi ya kuendesha lori la kampuni. Anapakia Newala, anateremka Masasi, anarudi tena. Juzi alikuja kunisalimia, akanionyesha kwenye simu picha ya ndani ya gari lake. "Ona hapa juu ya usukani, Bibi. Hii kamera inanitazama macho. Nikisinzia tu inapiga kelele, na ofisini wanajua." Akadhani sijaelewa. Nilielewa sana. Nilikuwa nimeshafika mbali, kwenye kambi ya malori niliyokulia, ambako kazi ya kumtazama dereva macho ilikuwa ya mama zetu.

Kambi yenyewe ilikuwa hapahapa Masasi, nyuma ya maghala ya korosho. Nyumba za madereva zilitazamana, na katikati kulikuwa na uwanja wa mchanga uliokuwa mweusi kwa oili. Usiniulize shule nilifika darasa la ngapi, maana sikufika mbali, lakini majina ya watu wa pale ninayo yote. Mama Fatu, mwenye sauti ya kiume. Mama Yonasi, aliyetoka Newala na hakuacha kusema maji ya kwao yalikuwa shida lakini upepo wa kwao ulikuwa mtamu. Bibi Alusia wa vitumbua. Na Mama Somoe, jirani yetu wa ukuta mmoja, ambaye ukikaanga dagaa kwetu alikohoa kwake. Mama yangu aliitwa Mama Edithi, kwa sababu Edithi ni mimi. Sisi tulikuwa watu wa kanisani na kina Mama Somoe watu wa msikitini, na sahani za Krismasi na za Idi zilipita mlangoni bila kubisha.

Msimu wa korosho kambi ilinuka dizeli na mabibo yaliyoiva kupita kiasi. Tulikula ugali wa muhogo kwa kisamvu, tukachimba ming'oko, vile viazi vya porini, siku za Jumamosi, na mikono yetu watoto ilikuwa na madoa ya utomvu wa korosho mpaka mvua kubwa. Lakini kucheza kulikuwa na sheria zake. Kwenye nguzo ya nyumba ya Bibi Alusia ilining'inia rimu kuukuu ya gurudumu. Kabla lori lolote halijawashwa, Bibi Alusia aliigonga kwa nondo, nasi wote tulipanda barazani. Alitutazama mmoja mmoja, akataja majina, na mpaka jina la mwisho liitikiwe ndipo dereva aliposogeza gari. Hata nyapara, mkubwa wa kambi, alisubiri. Na lori likiharibika njiani, watu walivunja matawi wakayalaza barabarani nyuma na mbele, na gogo la kuzuia tairi halikukosekana hata siku moja. Juu ya mteremko wa Newala, kila dereva alisimama, akashuka, akajaribu breki, akaweka gia nzito, ndipo akaanza kuushuka mlima. Hayo tuliyajua hata sisi watoto, tuliyacheza kwa magari ya mabua.

Ila lililokuwa letu peke yetu, ambalo sijalisikia mahali pengine, ni hili la ufunguo. Dereva akirudi safari, ufunguo wa lori haukwenda ofisini. Alimpa mkewe, naye akaufunga kwenye pindo la kanga. Asubuhi ya safari, dereva alisimama mlangoni na mkewe alimtazama. Macho, mikono, namna anavyosimama. Msimu wa korosho ndio msimu wa uraka, ile pombe ya mabibo, na wanaume ni wanaume. Akimwona yuko sawa, anafungua pindo. Akimwona hayuko sawa, pindo halifunguki, na nyapara hakuwa na la kusema. Sijui nani alianzisha. Mama Fatu alisema walianzisha wajane.

Madereva waliifanyia utani. Baba Somoe ndiye alikuwa mchekeshaji wao, mtu mwembamba, mwenye pengo. Asubuhi alisimama mlangoni kwake amefungua mdomo kama ng'ombe wa mnadani. "Tazama na meno, Mama Somoe. Usije ukauziwa mzee."

"Meno yenyewe yako wapi?" alijibu mkewe. "Geuka huku. Ulilala?"

"Nililala kama maiti."

"Maiti haikoromi. Haya, chukua, nenda."

Kambi nzima ilicheka. Mimi na Somoe, binti yao niliyelingana naye umri, tulifanya hivyohivyo kwa wanasesere wetu wa vitambaa.

Basi, mwaka mmoja mvua zilitishia kuanza mapema. Korosho zilikuwa zimelundikana Newala, tajiri mwenye kampuni anazitaka chini Masasi kabla barabara haijawa tope. Nyapara alitembea kwa haraka siku hizo na hakumsalimia mtu vizuri. Na katikati ya hayo baba yangu akashikwa na homa. Mama alimfunika mablanketi, akampikia uji, na asubuhi ya safari alikuwa bado anatetemeka.

Nyapara akaja mlangoni. Mimi nilikuwa napepeta mtama pale barazani, nilisikia yote.

"Mama Edithi, ufunguo."

"Mwenyewe anaumwa. Haendi."

"Msimu huu kila mtu anaumwa. Mwambie atoke, jua litamponya."

"Ingia basi umguse."

Hakuingia. Akashusha sauti, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha. Alisema lori lile haliwezi kulala pale leo, tajiri ameshauliza. Alisema nyumba hizi ni za watu wanaoendesha, na wapo madereva Lisekese wanaozitamani. Mama alishika pindo lake. Ndani, baba aliita kwa sauti ya kukwaruza, "Mpe, nitaenda." Mama akafungua fundo, akauweka ufunguo kwenye kiganja cha nyapara, akasema, "Lori ndilo hilo, lipelekeni. Mume wangu simtoi."

Wanawake waliokuwa wakitazama walimsifu. Mama Fatu alisema, "Leo umemweza." Na kweli mama alimweza. Baba alibaki kitandani, nyumba ikabaki yetu. Mama aliniambia nikachume majani ya mwarobaini, na alikuwa akiimba.

Sasa asubuhi hiyohiyo Baba Somoe alikuwa ameingia kutoka Tandahimba. Lori lake lilikuwa limezama kwenye mchanga wa kule juu, wakalisukuma na kulichimbua mpaka kulipokucha. Mama Somoe alikuwa amemtazama mara moja tu. Akachukua ufunguo wake, akaufunga kwenye kanga, akamwambia, "Koga ulale. Usitoke humu mpaka nirudi." Akabeba ndoo, akaenda kisimani, na kisima kilikuwa mbali na foleni ndefu.

Nyapara alimkuta anakoga nyuma ya nyumba. Walichoambiana sikukisikia. Nilichokiona ni Baba Somoe akivuka uwanja huku anavaa shati, ufunguo wa lori la baba mkononi. Alipita mbele yetu akamwambia mama, "Shemeji, mwambie mgonjwa nalipeleka gari lake kutembea." Mama alikuwa ameinama anachochea moto. Akajibu, "Nenda salama," bila kuinua uso. Bibi Alusia aligonga rimu, tukapanda barazani, tukaitwa majina, tukaitika. Kila kitu kilifanyika sawasawa.

Wakati wa alasiri ikaja habari kwamba lori limepinduka kwenye mteremko wa Newala, likirudi na mzigo. Wapakiaji waliokaa juu ya magunia waliwahi kuruka, dereva hakuwahi. Mmoja wao, Selemani, ndiye aliyekuja kusimulia, mguu umefungwa kitambaa. Alisema walipofika pale pa kusimama na kujaribu breki, dereva alipapita tu, amefungua macho, kama mtu anayepita mahali asipopajua. Waligonga paa la gari wakimwita. Hakugeuka.

Watu walikimbilia kwa Mama Somoe. Alikuwa hajarudi muda mrefu kutoka kisimani. Alikuta kitanda kitupu, akafikiri mumewe ametoka kwenda kunyolewa. Alikuwa anachambua mchele barazani. Walipomwambia, hakulia. Alikuwa mtulivu, kama anamfundisha mtoto.

"Si yeye," alisema. "Ufunguo ninao."

Wakamwambia tena. Akafungua pindo la kanga, akautoa, akawaonyesha watu mmoja mmoja. "Huu hapa. Ufunguo wake ninao mimi. Ataendaje?"

Mama yangu alikuwa amesimama mlangoni kwetu, na nilimwona anaelewa.

Tulichoambiwa baadaye ni kwamba nyapara alijitetea kwa tajiri kwamba ufunguo alipewa na Mama Edithi. Haukuwa uongo. Kambi ikagawanyika kimyakimya. Wapo waliosema mama alimwokoa mumewe kwa mume wa mwenzake. Wapo waliosema mbaya ni nyapara. Bibi Alusia alisema sisi wote tulizoea kila mtu kumtazama wa kwake. Baba alipona homa, lakini hakumaliza chakula chake muda mrefu. Aliogopa kupita mbele ya mlango wa jirani.

Mama Somoe hata eda yake hakuimalizia pale. Nyumba ilitakiwa na dereva mpya, kaka zake wakaja kumchukua kwenda kwao Chilangala. Siku ya kuondoka mama alikwenda kumuaga, nami nikashika kanga yake nyuma. Mama Somoe ndiye aliyeanza kusema, huku akifunga mkeka.

"Wema wako naujua, Mama Edithi. Mumeo alikuwa mgonjwa, hata mimi nisingemtoa. Lakini ungeniita."

"Ulikuwa kisimani."

"Ungetuma mtoto aniite. Mimi ningemwona."

Somoe alinitazama mara moja akatazama pembeni. Sikumwona tena. Nimesikia kwa watu wa Newala kwamba aliolewa huko, akazaa, na amekwisha kufa. Simjui mtu mwingine wa kumuuliza.

Baada ya hapo kampuni ilipigilia misumari ukutani ofisini, funguo zikaning'inizwa huko, na dereva alitia sahihi. Walisema hivyo ni salama zaidi, na pengine ni kweli. Mama zetu walibaki na mapindo matupu. Kambi ilikuja kufa yenyewe, kampuni ikafungwa, na pale sasa kuna maduka ya simenti na vijana wa bodaboda ambao hawajui wamekaa juu ya nini.

Mama tulihama naye Lisekese, akazeekea huko. Alipata tabia ambayo majirani waliizoea na wajukuu waliichekea. Akiwa anafanya kazi zake, anakatakata mboga au anaanika muhogo, ghafla angeacha, akasogea kwenye ua, akamwita jirani kwa jina. Jirani angetoka mbio, mikono ina unga.

"Nipo, Mama Edithi. Kuna nini?"

"Hakuna kitu," angesema mama. "Nilikuwa nakuita tu."