Marehemu Mama na Sufuria Yangu

Nichekeni, lakini mtori wangu, supu yangu ya ndizi, msiutukane. Mke wangu, Mama Happy, anachagua chakula kuliko mtoto anayeota meno. Kila jioni narudi kupika, ananusa sufuria, anasukuma sahani. Juzi akasema akilala njaa tena anarudi kwao Tarakea.

Nikaogopa. Jioni ile ukungu ulishuka kihambani, shambani kwetu, mpaka vidole vyangu sikuviona. Nikaenda kwenye kaburi la mama, katikati ya migomba, nikamwaga mbege kidogo, pombe yetu ya ndizi.

"Mama, huyu mtu nimpikie nini?"

Mara majani ya migomba yakatingishika, na upepo haupo. Sauti ikatoka humo, nzito, kama mtu anaongea ndani ya pipa.

"Mtori. Pilipili usitie."

Nywele zilisimama mpaka kofia ikaelea! Nikapika hivyo hivyo. Mama Happy akala, akaramba na mwiko.

Kesho yake nikauliza tena. "Kiburu cha ndizi na maharage," ikasema sauti, "magadi punguza." Akala, akaongeza.

Mimi na mdomo wangu, nikaitangazia jumuiya nzima ya kanisani kwamba mama anafundisha mapishi kutoka kaburini. Wakaja na rozari, wamejificha nyuma yangu.

"Mama, leo nini?"

Migomba ikaachana. Kikatoka kitu kirefu, kichwa kikubwa chenye manyoya. Jumuiya ikapiga magoti, mimi nikalala kabisa.

Kitu kikatua kutoka kichwani mzigo wa majani ya ng'ombe. Alikuwa Mama Happy, na mundu wake mkononi.

"Baba Happy," akasema, "marehemu unamuuliza kila jioni. Mimi ninayekula, umeniuliza lini?"